Wadukuzi wa Boyle Heights

Wadukuzi. Hilo ndilo jina walilobandikwa. Septemba 2013, wanafunzi wa shule ya upili ya Theodore Roosevelt, katika mtaa wa Boyle Heights mashariki mwa Los Angeles, walipewa iPad mpya kabisa, kila mtu yake, waende nazo hadi nyumbani. Kabla wino wa kuzipokea haujakauka vizuri, walikuwa wameshafungua kilichofungwa. Magazeti yakapiga kelele, redio zikacheka, na wakubwa wa elimu wakaitana mikutano. Karibu wanafunzi 300 walihusika, na si Roosevelt peke yake. Kulikuwa na shule nyingine mbili, Westchester na Valley Academy of Arts and Sciences.

Sasa ngoja nikueleze walichofanya, maana ukisikia neno mdukuzi unawaza kijana aliyevaa kofia ya sweta gizani, herufi za kijani zikiteremka kwenye kioo. Hapana. Kila iPad ilikuwa na faili ya mipangilio iliyowekwa na wakuu wa elimu. Faili hiyo ndiyo iliyobeba mlinzi wa kuzuia Facebook, YouTube na mengineyo, hata mtoto akiwa nyumbani kwao. Wanafunzi waliingia kwenye mipangilio, wakaitafuta hiyo faili, wakaifuta. Imeisha hiyo. Kama umewahi kubadilisha mlio wa simu yako, nawe una ujuzi uliotikisa mradi wa dola bilioni 1.3.

Ndiyo, bilioni. Hesabu yenyewe ilikuwa kwamba takribani nusu bilioni ingenunua vifaa, na iliyobaki ingetandaza intaneti na nyaya madarasani. Mamlaka ya shule za umma za jiji hilo, LAUSD, ndiyo ya pili kwa ukubwa Marekani na wakati ule ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 600,000. Ahadi ilikuwa kwamba wote watapata. Juni 2013 bodi ilipitisha mkataba wa kwanza na Apple, dola milioni 30, kwa shule 47 za kuanzia. Bei ya kila kifaa ilikuwa dola 678, karibu shilingi 58,000 zetu kwa bei ya dola ya wakati huo, na hiyo ilipita bei ya dukani. Maelezo yalikuwa kwamba ndani yake kuna masomo yaliyotayarishwa na Pearson, ile kampuni kubwa ya vitabu. Masomo yenyewe hayakuwa yamekamilika. Walinunua sufuria kwa bei ya pilau, wakaambiwa pilau inakuja.

Na pesa zilitoka wapi? Hapa ndipo mimi hushika kichwa. Zilitoka kwenye hati za dhamana ambazo wapiga kura waliidhinisha kwa ajili ya kujenga na kukarabati shule. Deni la namna hiyo hulipwa kwa miaka mingi sana, mtoto anaweza kumaliza shule, kuoa na kupata watoto wake kabla halijaisha. iPad yenyewe hudumu miaka mitatu, minne ukiitunza kama yai.

Nisimwonee mtu. Msimamizi mkuu wa shule hizo, John Deasy, alikuwa na hoja ambayo hata mimi ningeitetea. Alisema hili ni suala la haki. Mtoto wa tajiri tayari ana kompyuta nyumbani, kwa nini wa maskini angoje? Ukiwa umesoma shule ambayo kitabu kimoja cha hisabati kiligawanywa kwa watu watatu, na aliye katikati ndiye pekee anayeona vizuri, huwezi kuicheka hoja hiyo. Shida ni kwamba haki ilipofika mlangoni, ilifika na kufuli. Mtoto aliambiwa, hiki ni chako, lakini hatukuamini nacho.

Kuna historia ambayo waandishi wengi wa 2013 waliiruka. Roosevelt si shule ya kuokotwa. Ilifunguliwa miaka ya 1920 katika mtaa uliokuwa na Wayahudi, Wamarekani wenye asili ya Japani, Wameksiko, Warusi, kila aina ya watu waliokuwa hawakaribishwi kwingine mjini. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanafunzi wake wenye asili ya Japani waliondolewa pamoja na familia zao na kupelekwa kambini. Miaka ya sitini ilipofika, wengi madarasani walikuwa Wameksiko, na shule ilikuwa imeshaamua watakuwa nini. Wavulana waelekezwe kwenye karakana, wasichana wajifunze kazi za ofisini na za nyumbani. Ukionekana unaongea Kihispania, unaadhibiwa.

Msomaji wa Kenya hapo hahitaji maelezo. Sisi tulivalishwa kibao shingoni kwa kusema Kikamba au Kiluo, kwingine hata kwa Kiswahili. Ukikipata asubuhi unazunguka ukitegea mwenzako ateleze ili umtwike. Nilipokuwa nikisoma kuhusu Boyle Heights mara ya kwanza, hapo ndipo nilipoacha kusoma kama mgeni.

Machi 1968 wanafunzi wa Roosevelt, Garfield, Lincoln, Wilson na Belmont walitoka madarasani. Walitoka kwa maelfu, siku baada ya siku, polisi wakiwa wamewangoja langoni. Walidai walimu wanaofanana nao, historia ya watu wao vitabuni, mafunzo kwa lugha mbili, na kukomeshwa kwa adhabu ya Kihispania. Mwalimu mmoja wa Lincoln, Sal Castro, alisimama nao. Watu 13, yeye akiwemo, walishtakiwa kwa kula njama, na ilichukua muda mrefu mpaka mashtaka yakatupwa. Magazeti ya wakati huo hayakuwaita mashujaa. Waliitwa wavurugaji.

Kwa hiyo shule iliyopokea iPad mwaka 2013 ilikuwa shule yenye kumbukumbu ndefu ya kuambiwa, tulia, tunajua linalokufaa. Sisemi kwamba yule kijana aliyefuta faili ili asikilize muziki Pandora alikuwa anawaza 1968. Hakuwa. Alitaka muziki. Lakini wanafunzi walipohojiwa hawakuwa na haya hata kidogo, walieleza bila kigugumizi jinsi walivyofanya. Kifaa kisichoingia popote kina maana gani?

Wakuu waliitikia kama wakuu. Walipiga marufuku kupeleka iPad nyumbani. Kwenye baadhi ya shule zilikusanywa zote, pamoja na za wale ambao hawakugusa kitu. Kisha maswali ambayo yangeulizwa mwanzoni yakaanza kuulizwa mwishoni. Ikivunjika, analipa nani? Mzazi anayefua nguo za watu atatoa wapi dola mia saba? Na mitihani mipya ya kompyuta inahitaji kibodi, mbona kibodi hazikununuliwa? Baadaye watafiti walioajiriwa kutathmini mradi walitembelea madarasa 245 na kumkuta mwalimu mmoja tu akitumia yale masomo ya Pearson. Mmoja. Nimeisoma hiyo takwimu mara nyingi na bado nataka kukutana na huyo mwalimu nimpe mkono.

Mwaka huohuo, 2013, sisi huku tulikuwa na yetu. Muungano wa Jubilee uliingia madarakani ukiwa na ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa darasa la saba, nimechelewa kwa miaka sita. Tulikaa tukihesabu wadogo zetu ambao wangepata, na jirani mmoja aliapa kumrudisha mwanawe wa darasa la pili nyuma mwaka mmoja. Kisha zabuni ya zaidi ya shilingi bilioni 24 ikapewa kampuni kutoka India, Olive, na 2014 ikabatilishwa baada ya washindani kukata rufaa. Mpango uliporudi, vipakatalishi vya watoto vilikuwa vimegeuka vishikwambi. Safari hii kazi ilipewa vyuo viwili vya umma, Moi na JKUAT, kila kimoja na mshirika wake wa kigeni, JP-SA Couto na Positivo BGH. Kuanzia 2016 vifaa vikaanza kusambazwa kwa shule za msingi zaidi ya 20,000. Shule nyingi ziliunganishwa umeme kwa sababu hiyo, na hilo naliandika bila kejeli, maana kuna vijiji ambavyo taa ya kwanza ilikuwa ya shule. Vishikwambi vyenyewe vingi viliishia kwenye chumba chenye vyuma madirishani. Mwaka 2019 serikali ikageukia mpango wa maabara za kompyuta.

Los Angeles walitoa wakafunga, sisi tulifunga kabla ya kutoa.

Najua kidogo kuhusu kufuli hizo kwa sababu niliwahi kuzishika funguo zake. Baada ya kuacha chuo, nilipata kibarua cha kutunza vishikwambi 40 vya msaada katika shule ya upili ambayo sitaitaja. Kazi hiyo ikielezwa kwenye ripoti ya mfadhili inapendeza sana. Kila siku ilikuwa hivi. Chumba kina soketi tatu. Ukiunga nyaya za kugawa umeme juu ya nyingine, swichi kuu inakatika na jikoni wanakufuata. Kwa hiyo unachaji kwa zamu, 12 usiku, 12 alfajiri, na darasa la saa mbili linapoanza una vifaa 24 vyenye moto kwa wanafunzi 52. Una daftari la kusaini. Una kioo kilichopasuka ambacho hakuna aliyekipasua. Una nywila ambayo mfadhili aliiweka na mtu aliyeijua ameshahama shirika. Masomo yaliyomo ni ya mtaala wa nchi nyingine, watoto wanahesabu senti za pesa ambazo hawajawahi kuzishika.

Wiki ya tatu, kijana wa kidato cha pili alifungua kizuizi. Mwalimu wa zamu alimleta kwangu akiwa amemshika kola. "Huyu ni mkora," akasema, akaniachia. Nilimwambia yule kijana anionyeshe alivyofanya. Akanitazama kwanza, akipima kama ni mtego.

"Mwalimu, si utaniripoti?"

"Mimi si mwalimu. Nionyeshe."

Alinionyesha kwa sekunde ishirini hivi. Nikamuuliza alikuwa anatafuta nini huko. Ningependa kukuambia alikuwa anasoma fizikia. Alikuwa anatazama mabao ya Arsenal. Lakini alipokuwa ananionyesha alinieleza pia kwamba saa za vifaa vyote zilikuwa zimekaa vibaya, na kwamba ndiyo sababu kurasa nyingi zilikataa kufunguka hata za masomo. Tulikuwa tumeilaumu intaneti ya shule kwa wiki tatu. Alirekebisha vifaa vyote kabla ya kengele ya chakula. Adhabu yake ilibaki palepale, alifyeka nyasi nyuma ya mabweni siku mbili, na vishikwambi vikawekwa kabatini mpaka siku ya wageni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosimulia kisa cha Los Angeles kama kichekesho cha watoto watundu, wala na wale wanaokisimulia kama kisa cha ufisadi pekee. Ufisadi ulishukiwa, kweli. Agosti 2014 barua pepe zilitoka hadharani zikionyesha kwamba Deasy na naibu wake, Jaime Aquino, ambaye aliwahi kufanya kazi katika kampuni tanzu ya Pearson, walikuwa wakiwasiliana na Pearson na Apple muda mrefu kabla ya zabuni kutangazwa. Wote walikana kufanya kosa lolote. Deasy aliusimamisha mkataba mwezi huohuo na Oktoba akajiuzulu. Mwanzoni mwa Desemba, maafisa wa FBI walifika ofisi kuu za LAUSD na kuondoka na masanduku 20 ya karatasi. Mwaka 2015 Apple ilikubali kulipa dola milioni 4.2 kumaliza mgogoro. Mwaka 2017 waendesha mashtaka wa serikali kuu walifunga faili bila kumshtaki mtu.

Lakini ukisoma kumbukumbu hizo zote, wanafunzi wanatoweka baada ya wiki ile ya Septemba. Wanatajwa wanapovunja, hawatajwi tena. Sijaona mahali ambapo mtu mwenye mamlaka aliwaita mezani akawauliza, nyinyi mliogundua tundu kwa siku chache wakati wataalamu hawakuliona, mngepanga vipi mradi huu? Pesa za ushauri zilikuwepo. Ungeweza kuwalipa wanafunzi kumi wa Roosevelt wakae na hizo iPad likizo nzima wakizivunja, na ungejua yote uliyohitaji kujua kabla ya kununua ya kumi na moja.

Kuhusu zile dhamana za ujenzi, wapinzani wa mradi walirudia jambo moja katika vikao vya bodi, kwamba shule za jiji zilikuwa na mapaa yanayovuja na mabomba ya kale yanayongoja fundi. Roosevelt yenyewe ilikuwa na majengo tangu miaka ya 1920, yale ambayo wanafunzi wa 1968 walitoka wakiyapa mgongo. Mwaka 2018 shirika la kuhifadhi turathi za Marekani, National Trust, liliweka shule tano za mgomo ule kwenye orodha ya maeneo 11 yaliyo hatarini zaidi nchini humo. Mwaka huohuo bodi ya LAUSD iliidhinisha mpango wa kuijenga Roosevelt upya. Wahitimu wa zamani na majirani walipigania jengo kuu, lile linaloitwa R, wakitaka likarabatiwe badala ya kuangushwa. Waliambiwa gharama ni kubwa mno. Jengo likabomolewa.