Picha ya setilaiti ikikatika, kagua dishi kabla ya kununua king'amuzi kipya

Picha inapoganda au kukatika vipandevipande, mtu wa kwanza kulaumiwa huwa king'amuzi. Fundi huitwa, hukigonga mara mbili tatu, kisha hutangaza kwamba kimekufa na sharti kinunuliwe kingine. Huenda amesema kweli. Lakini hitilafu nyingi za aina hii huwa nje ya nyumba, katika mita chache baina ya dishi na ukuta, na nyingine huondolewa kwa spana na kiunganishi cha bei ya chini kabisa.

Shida ni kwamba runinga ya dijitali huficha ugonjwa wake. Enzi ya analojia, kabla ya Kenya kuhama mwaka 2015, mawimbi yalipodhoofika chenga ziliongezeka polepole, na mtazamaji akajua mambo yanaharibika. Mawimbi ya dijitali huja na ziada ya taarifa inayokiwezesha king'amuzi kusahihisha makosa. Picha hubaki safi hadi makosa yazidi uwezo huo, kisha yote huporomoka kwa mkupuo. Kwa hivyo picha inayokatika kila mvua inyeshapo, hata iwe ya rasharasha, ilikuwa tayari ukingoni siku za jua. Manyunyu yaliisukuma tu.

Ndiyo maana ukaguzi huanzia kwenye menyu ya king'amuzi, mahali panapoonyesha vipimo viwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Wengi hutazama nguvu na kuridhika. Kipimo cha maana zaidi ni ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora ukawa sufuri, huenda dishi limeelekea setilaiti nyingine, au linaelekea patupu na kinachopimwa ni kelele za kifaa chenyewe. Vyote viwili vikiwa sufuri, shuku waya uliokatika au kile kichwa kidogo kilicho mbele ya dishi, ambacho mafundi hukiita LNB. Wateja wa DStv wana ishara nyingine: E48-32 humaanisha mawimbi hayafiki, ilhali E16 huhusu akaunti na malipo, na hakuna haja ya kumpandisha mtu paani kwa sababu yake. GOtv haimo katika mjadala huu, kwani hutumia antena na minara ya nchi kavu.

Setilaiti zinazotumiwa na DStv humu nchini ziko digrii 36 mashariki, kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Ukitazama ramani utaona maana yake: ziko karibu juu ya vichwa vyetu. Mjini Nakuru zi utosini hasa. Nairobi zinakaribia digrii 88 kutoka upeo wa macho, na Mombasa takriban 84. Aliye Kisumu huziona zikiinamia mashariki kidogo, wa Garissa magharibi. Dishi lenyewe halionekani kutazama juu kiasi hicho kwa sababu umbo lake hupokea miale kutoka pembe iliyo zaidi ya digrii 20 juu ya uso wake. Hata hivyo limelala vya kutosha kushika vumbi, majani na kinyesi cha ndege, nacho kifuniko cha LNB hupigwa na jua mwaka mzima hadi kipasuke na kuingiza maji. Kifuniko kilichopasuka ni sababu tosha ya kubadilisha LNB. Dishi la Azam TV, kwa mfano, huelekea digrii 7 mashariki, yaani upande wa magharibi kwa mtu aliye Nairobi, kwa hivyo usilinganishe dishi lako na la jirani kabla ya kujua anatazama nini.

Dishi la sentimita 80 halivumilii kosa kubwa la mwelekeo. Likihama kwa digrii moja, hupoteza takriban nusu ya nguvu, na kule juu digrii moja ni sawa na kilomita zipatazo 625. Upepo huweza kulisogeza hivyo, na mlingoti uliogeuzwa kuwa mahali pa kufungia kamba ya nguo hauchukui muda kulegea. Kaza nati, kisha msaidizi ayasome mabadiliko ya ubora kwenye skrini huku dishi likisogezwa kidogo kidogo.

Halafu kuna waya, na hapa ndipo penye mengi. Maji huingia kwenye kiunganishi, huozesha shaba na kutambaa ndani ya waya. Ukanda wa pwani huongezea chumvi ya bahari. Ukikifungua kiunganishi ukaona rangi ya kijani au nyeusi, kata sehemu hiyo hadi ufikie shaba inayong'aa, na uhakikishe hakuna unywele wa wavu wa nje unaougusa uzi wa kati. Waya ulioungwa katikati na kufungwa kwa utepe wa umeme si waya wa kutegemewa, hata kama ulifungwa na fundi stadi. Pale unapoingia nyumbani, uache uning'inie kidogo ili maji yadondokee nje. Zima umeme kabla ya kugusa chochote, na paa lenye maji lisubiri likauke.

Waya huo pia hupeleka umeme kwa LNB: volti 13 kwa mawimbi ya wima na 18 kwa yale ya mlalo, pamoja na mdundo wa kilohezi 22 unaochagua masafa ya juu. Kwa hivyo, baadhi ya chaneli zikitoweka na nyingine zikabaki safi, mwelekeo wa dishi si mshukiwa wa kwanza. Kagua iwapo volti 18 zinafika, au kama waya ni mrefu mno.

Jambo hilo huwasumbua sana wenye magari ya kambi, yaliyo na vitanda na jiko ndani. Injini ikizimwa, betri hushuka, na king'amuzi chenye umeme hafifu hushindwa kulisha LNB. Wasafiri hawa pia husoma maelekezo yaliyoandikwa Marekani, yanayowataka watafute anga wazi upande wa kusini. Ni sahihi huko, ambako setilaiti huonekana kusini. Hapa kwetu, anayetafuta kivuli cha mgunga Naivasha ameweka matawi katikati ya njia ya mawimbi. Baadhi ya madishi yanayojielekeza yenyewe paani mwa gari yameundwa kwa anga za huko na hayawezi kuinuka hadi digrii 88, basi soma kikomo chake kabla ya kuagiza. Dishi la miguu mitatu lililowekwa chini, likasawazishwa kwa pima maji na kushikiliwa na jiwe zito, hushinda lile linalotikisika kila mtu anapogeuka kitandani. Ukihama mji, mwelekeo hubadilika, na LNB nayo yapaswa kuzungushwa upya.

Kuna kukatika kusikohitaji tiba. Wingu zito la mvua likiwa juu yako, mawimbi ya masafa haya humezwa na matone kwa dakika kadhaa, hata dishi likiwa timamu. Aidha, karibu na Machi 21 na Septemba 23, jua hupita nyuma ya setilaiti za digrii 36 na kelele zake huyafunika mawimbi. Kukatika huku hutokea yapata saa sita na nusu mchana, kwa dakika chache, siku chache mfululizo. Anayemwita fundi wakati huo atamlipa kwa kazi iliyofanywa na jua.

Fundi akihitajika, mwombe aoneshe ubora wa mawimbi kabla hajagusa kitu na baada ya kumaliza, kwenye chaneli ileile. Akidai king'amuzi kimeharibika, kipeleke kwa jirani mwenye huduma hiyohiyo ukiunganishe na waya wake. Ubora ukisomeka vyema huko, rudi nacho uanze kukagua dishi na waya wako.