OK: Utani wa Boston Uliogoma Kufa

Hebu fungua simu uhesabu ni "OK" ngapi umetuma tangu asubuhi. Kuna ya "nimekubali", kuna ya "nimesikia", kuna ya "niko poa", na kuna ile yenye nukta mwishoni, ambayo ukitumiwa na mpenzi unajua kumeharibika. Herufi mbili tu, kazi chungu nzima.

Zilianza kama mzaha. Miaka ya 1830, magazeti ya Boston yalikuwa na mtindo wa kuandika maneno vibaya makusudi kisha kuyafupisha, vile sisi tuliwahi kuandika "xaxa" badala ya "sasa". Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post likachapa "o.k.", ufupisho wa "oll korrect", yaani kila kitu kiko sawa. Vifupisho vingine vya aina hiyo vilikufa. Mbona hiki kikabaki?

Siasa, wasee. Mwaka wa 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anatetea kiti. Kwao ni Kinderhook, New York, kwa hivyo wafuasi wakamwita Old Kinderhook na kuunda O.K. Club. Wapinzani nao wakadai Andrew Jackson, aliyemtangulia, ndiye aliyebuni "OK" kwa kutojua kuandika. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini neno lilishajulikana. Baadaye waendeshaji wa telegrafu wakalichukua kuthibitisha kwamba ujumbe umefika.

Haya yalianikwa na mwanaisimu Allen Walker Read miaka ya 1963 na 1964. Kabla yake, wengi waliamini neno ni la Wachoktaw; Rais Woodrow Wilson hata aliliandika "okeh". Baadaye David Dalby akapendekeza asili ya Kiwolofu, "waw kay", lililovuka bahari na watumwa. Moyo wangu uko na Dalby. Ushahidi wa maandishi uko Boston. Lakini tukumbuke, mitambo ya kuchapa haikuwa mikononi mwa watumwa, na gazeti huhifadhi tu kile mwenye gazeti amesikia.

Kwa sasa, shika maana ya telegrafu. Ukimtumia mteja invoisi akajibu "OK", usianze kupanga bajeti. Amesema ujumbe umefika. Pesa ni hadithi nyingine.