Ndai Bado Mpya Lakini Kila Wiki Iko Gereji? Chanuka, Hizi Ndizo Sababu na Haki Zako

Hakuna kitu huuma kama kulipa mkopo wa ndai yenye imelala gereji. Brathe wangu anaijua hiyo stori vizuri.

Alichukua kagari kadogo ka teksi, imetoka Mombasa juzi, rangi inang'aa, kilomita kidogo. Wiki ya tatu taa zote za dashibodi zikawaka na gari ikazima katikati ya Outering Road, abiria akiwa ndani. Akabadilisha betri. Wiki mbili baadaye, ngori ileile. Akabadilisha alternata. Ikarudi tena. Ndani ya miezi minne alikuwa amemwaga zaidi ya elfu sitini, na wenye mkopo hawakutaka kusikia stori za alternata. Kila Jumatatu walitaka doo yao.

Mwishowe shida ilikuwa nati moja. Msee aliyefunga traka ya mkopo aliacha waya ya ethi ikiwa imelegea. Kuikaza kulichukua dakika kumi.

Kwa hivyo shika hii moja kabla tuendelee: shida ikirudi mara tatu, hiyo si shida mpya. Ni ileile, haijawahi kutengenezwa.

"Karibu mpya" ya Kenya ni gani?

Nambari ya usajili ya juzi haikuambii umri wa gari. Kiwango cha KS 1515 kinaruhusu kuingiza gari kuukuu yenye haijapita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza huko ilikotoka. Kwa hivyo ile "mpya" ya yadi inaweza kuwa imeendeshwa Japani miaka sita ama saba. Gari yenye haijawahi kutumika hukuja na waranti ya kampuni. Hii ingine, waranti yako ni ile uliandikiwa na muuzaji, kama aliandika yoyote.

Sababu zenye huonekana sana

1. Waya na betri. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa kwa masaa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma inafaa kusoma kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Ikiwa chini ya hapo, angalia alternata na waya zake, ingawa gari zingine za siku hizi hushusha chaji zenyewe kwa muda. Kama chaji iko sawa lakini asubuhi betri imekufa, kuna kitu kinanyonya umeme usiku. Gari iliyolala kawaida hunyonya chini ya miliampea 50. Alamu, traka, redio kubwa na taa za urembo zilizofungwa na fundi wa kukatakata waya ndizo washukiwa wa kwanza.

2. Betri ya aina mbaya. Ndai nyingi za siku hizi hujizima zenyewe ukisimama kwa jam, kisha zinawaka ukiachilia breki. Hizo zinahitaji betri maalum yenye inavumilia kuwashwa mara nyingi. Ukiweka ya kawaida juu ni bei poa, itakufa mapema halafu utasema gari ina mkosi.

3. Taa zote kuwaka pamoja. Hii hutisha watu, lakini mara nyingi shida ni moja. Tangu Bosch walete mfumo wa CAN mwaka wa 1986, kompyuta za gari zimekuwa zikiongea kupitia waya za pamoja. Umeme ukishuka ama waya moja ikilegea, breki, usukani na giaboksi zote zinaweza kulalamika wakati mmoja. Usikubali kuuziwa spea tano kwa shida moja.

4. Mafuta ya giaboksi. Giaboksi za CVT hutaka mafuta yake, si yale ya otomatiki ya kawaida. Fundi akimwaga yenye si yake, gari itaanza kutetemeka, kuteleza na kuchelewa kushika. Soma kitabu cha gari ama uliza kampuni ni aina gani, kisha uone chupa ikifunguliwa mbele yako.

5. Kasoro ya kiwandani. Hii pia iko. Ford waliuza Fiesta na Focus zenye giaboksi ya PowerShift, na nyingi zilitetemeka na kupoteza nguvu zikiwa bado mpya. Huko Australia wateja wengine waliambiwa shida ni vile wanaendesha. Mwaka wa 2018 mahakama ya huko iliipiga Ford faini ya dola milioni 10 za Australia kwa vile ilishughulikia malalamishi hayo. Kumbuka hiyo siku mtu atakuambia, "Ni vile unakanyaga."

Mashine ikisoma nambari, usikimbilie spea

Chini ya usukani kuna soketi ya kuchomeka mashine ya kupima. Inatoa nambari za hitilafu. P0300 inamaanisha injini inakosa kuchoma vizuri kwa silinda tofauti. P0171 ni hewa mingi kuliko mafuta. P0420 inahusu katalisti ya eksosi.

Lakini nambari inakuonyesha mahali pa kuanza kutafuta. Haikuambii spea ya kununua. P0420 inaweza kuletwa na sensa ya oksijeni ama eksosi yenye inavuja, na katalisti yako iko fiti kabisa. Fundi mzuri atapima kabla abadilishe. Muulize swali moja tu: "Umejuaje ni hii?" Akikosa jibu, doo yako ndiyo inafanyiwa majaribio.

Fungua faili, hata kama ni daftari ya shule

Hapa ndipo brathe alichomeka. Alikuwa na risiti mbili tu kati ya safari saba za gereji. Kila gari ikisumbua, andika:

- Tarehe na kilomita zilizo kwa dashibodi.
- Hali ilikuwaje: injini moto ama baridi, mvua, mlima, AC ikiwa imewashwa.
- Taa gani ziliwaka. Piga picha ama video kabla uzime.
- Nambari za mashine kabla hazijafutwa.
- Gereji ilifanya nini, kwa pesa ngapi, gari ililala huko siku ngapi.

Itisha pia spea ya zamani irudishwe kwako. Na malalamishi kwa muuzaji yaende kwa maandishi. WhatsApp ni sawa, bora usifute.

Hiyo faili itakusaidia mara mbili. Fundi akiona gari huzima tu siku za mvua, anajua atafute wapi maji yanaingia. Na mkikosana na muuzaji, una kitu mkononi.

Sheria inasema nini?

Marekani gari ya aina hii huitwa limau, na kuna sheria zake. Connecticut ilipitisha yake mwaka wa 1982. California, shida ileile ikirekebishwa mara nne bila kupona, ama gari mpya ilale gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla ndani ya miezi 18 ya kwanza, sheria huanza kuegemea mnunuzi.

Kenya hatuna sheria maalum ya limau, lakini haujaachwa uchi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa na mfanyabiashara wa hiyo kazi kiwe cha ubora unaokubalika. Kuna mtego hapo: kama uliikagua gari, kasoro yenye ungefaa kuiona itakuwa mzigo wako. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamishi ya wateja.

Kama unadai pesa za matengenezo ama fidia isiyozidi shilingi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani mwaka wa 2021, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huko sasa ndiyo ile daftari yako itaongea.

Usikae mwaka ukiendesha huku unanung'unika. Ukikawia, ni vigumu kusema hukuikubali gari.

Kabla utoe chapaa

Itisha karatasi ya mnada ya Japani. Gredi ya R ama RA inamaanisha gari iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Linganisha kilomita za hiyo karatasi na za dashibodi. Angalia namba ya chesisi kwa kampuni iliyounda, ujue kama gari iliitwa kurekebishwa bure. Iwashe ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto. Enda na fundi wako, si wa yadi. Na kama mkataba unasema unachukua gari "vile ilivyo", usisaini kabla uelewe unaacha haki gani.

Mwenye mkopo akileta msee wa kufunga traka, simama hapo. Muulize ameunganisha waya gani na wapi, na umwambie aandike.

Brathe ako barabarani sahii. Elfu sitini haikurudi, juu hakuwa na risiti za kuidai. Lakini siku hizi chini ya kiti cha dereva kuna daftari moja ya kurasa 96, na hakuna fundi hufungua boneti kabla iandikwe.