Mbegu Zilitangulia, Presha Ikafuata

Mbegu zinazouzwa kama dawa ya presha kwenye meza za Dakawa, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, zina umri mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Yaani kuliko jina lake na namba zake.

Habasoda imekuwamo katika tiba za Waislamu wa pwani tangu zamani, kwa nguvu ya hadithi ya Mtume inayoitaja kuwa dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Uwatu alipewa mzazi ili maziwa yatoke. Mlonge, mti wenye asili ya India, ulipandwa uani kwa ajili ya majani yake, na mbegu zake zikasagwa kusafishia maji ya tope. Presha haikuwa na mtu wa kuiona. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitumia mkanda wa mpira unaojazwa upepo mkononi. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akasikiliza mshipa chini ya mkanda huo, na namba mbili tunazosomewa zahanati zikapatikana. Bila mkanda, wengi wenye presha hawahisi chochote hadi siku ya kiharusi. Na kiharusi kilikuwa na maelezo yake: upepo mbaya, au mtu katupiwa kitu.

Namba zilichelewa kufika huku. Kati ya 1992 na 1995, mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima uliwauliza wafiwa wa Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wilaya ambayo wakati huo Dakawa ilikuwa ndani yake (Mvomero ilikuwa bado haijamegwa), marehemu alikufaje. Matokeo kuhusu kiharusi yalitoka mwaka 2000 katika jarida la The Lancet. Morogoro Vijijini, eneo maskini kuliko mengine mawili, lilikuwa na vifo vichache zaidi: kila mwaka wanaume 35 na wanawake 27 katika kila watu 100,000 wa miaka 15 hadi 64. Uchache huo usitudanganye, kwani Uingereza na Wales walikuwa na wanaume 11 hivi na wanawake 9. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliofanyika Ilala na kijiji cha Shari wilayani Hai, ulikuta kwamba katika wenye presha hata mmoja kati ya watano hakuwa akijijua, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika mmoja katika mia.

Mimi naona mbegu ziliingia katika pengo hilo. Mtu anaambiwa ana ugonjwa asiouhisi, na vidonge vyake havina mwisho. Mwenye kopo la unga wa mlonge anamwahidi kupona.

Nani akague kopo hilo? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilitungwa 2002, TFDA ikaanza 2003, kisha mwaka 2019 ikawa TMDA na masuala ya chakula yakahamia TBS. Kwa hiyo unga uleule unaweza kubisha mlango huu au ule, kutegemea muuzaji anauita chakula au dawa. Ajabu ni kwamba Dakawa ina kituo cha utafiti wa mpunga, na mbegu ya kupanda, kabla ya kuuzwa, inatakiwa kuthibitishwa na TOSCI, yenye makao makuu hapahapa Morogoro.

Sasa, zinashusha? Kidogo, ndiyo. Mwaka 2016 majaribio ya habasoda yalipojumlishwa pamoja, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa kama 3. Mwenye 180 anabaki na 177. Mbegu za kitani zilifanya vizuri zaidi. Huko Winnipeg, Kanada, wagonjwa 110 wa mishipa ya miguu waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakachapishwa 2013: baada ya miezi sita, waliokula kitani walikuwa chini ya wenzao kwa kama 10 namba ya juu na 7 namba ya chini. Walikula gramu 30 zilizosagwa kila siku, vijiko vikubwa vinne hivi, zikiwa zimechanganywa katika mikate, keki ndogo na tambi. Na wengi wao walikuwa wakiendelea kumeza vidonge vyao vya presha.