Waandishi wa Sinema Tusiowataja: Kutoka Sahani za Kisukuma hadi Vuta N'kuvute

Mwaka 1935, kule Vugiri katika milima ya Usambara, karibu na Korogwe, ulianza mradi wa sinema uliojulikana kwa kifupi kama BEKE. Viongozi wake walikuwa Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Hadi unafungwa mwaka 1937, ulikuwa umetengeneza filamu zipatazo 35, fupi fupi, kuhusu kodi, kahawa, minyoo na akiba ya posta.

Filamu hizo zilipigwa kwa mkanda wa milimita 16 usio na sauti. Maneno yalirekodiwa kando, kwenye sahani za santuri, katika lugha kadhaa za Afrika Mashariki na Kati, Kisukuma kikiwamo. Mwonyeshaji alilazimika kuwasha projekta na santuri kwa pamoja. Sindano ikiruka, mkulima wa kwenye turubai anapalilia huku sauti ikizungumzia mavuno.

Kisukuma kiliingia kwa sababu iliyo wazi: Usukuma ulikuwa na watu wengi. Maswa, wilaya iliyokuwa bado inabeba Bariadi na Meatu ndani yake, ilikuwa sehemu ya eneo hilo. Lakini lugha ya sahani ilikuwa ya Wasukuma, hadithi haikuwa yao. Mambo ya kusemwa yaliamuliwa Vugiri na wageni, kisha yakafasiriwa. Ndivyo uandishi wa sinema ulivyoanza katika nchi hii: maneno ya mtu mmoja katika kinywa cha mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili zenye visa na waigizaji wenyeji. Inayokumbukwa zaidi ni Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, na nyota wake ni kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kwa hiyo mwigizaji ameingia katika historia ya taifa. Jina la aliyeandika kisa alichokiigiza si wengi wanaolijua.

Serikali huru nayo iliihitaji sinema. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ikatoka Fimbo ya Mnyonge. Mhusika wake mkuu, Yombayomba, ni mkulima maskini anayekimbilia mjini, maisha yanamshinda, kisha anapata makao katika kijiji cha ujamaa. Kwa watu wa Maswa, wakati huo ikiwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, suala la kuhamia vijijini halikuwa la kwenye turubai tu. Ndiyo miaka ya Operesheni Vijiji. Skripti ilijua jibu kabla ya kuuliza swali, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo.

Hatua ya kweli katika ufundi wa uandishi ilionekana mwaka 2001, kwa filamu ya Maangamizi. Waongozaji walikuwa Martin Mhando na Ron Mulvihill, na wao ndio hutajwa. Skripti iliandikwa na Queenae Taylor Mulvihill. Katikati ya kisa aliweka mgonjwa aitwaye Samehe, mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi, nafasi iliyochezwa na Amandina Lihamba. Kumwandikia mhusika mkuu asiyesema ni kazi ngumu: kila kinachotakiwa kujulikana lazima kipitie kwenye macho, mikono na maneno ya wengine. Kazi hiyo ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar.

Ya pili ilichukua takriban miaka ishirini kupatikana. Ni Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji. Mzizi wake ni riwaya ya Adam Shafi, na skripti Shivji aliiandika pamoja na Jenna Cato Bass. Shafi hakushika kamera, lakini bila Yasmin na Denge aliowaumba kwenye karatasi, filamu hiyo isingekuwapo.

Maswa na Mkoa mzima wa Simiyu, ambamo wilaya hiyo sasa imo, havina upungufu wa watunzi wa aina hiyo. Tangu karne ya 19 Wasukuma wana vyama viwili hasimu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyokutana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa lile linalovuta watu wengi zaidi. Anayetunga nyimbo za mashindano hayo anajua namna ya kumshika mtazamaji asihamie kwa jirani, na hilo ndilo hitaji la kwanza la skripti yoyote.

Kinachobaki ni kuandika na kutambuliwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya maandishi, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, inaisajili. Kijana wa Nyalikungu wilayani Maswa, au wa Bariadi, mwenye kisa cha pamba, ng'ombe au ngoma akiandike, akisajili, na asikikabidhi kwa mwongozaji yeyote kabla jina lake halijawekwa kwenye mkataba.