Konokono wa Majaruba: Kwa Nini Hoja ya Samaki Haitoshi Kyela

Kwa takribani miaka 30, hoja moja imetawala mjadala wa kichocho katika Ziwa Nyasa: kwamba ugonjwa uliongezeka kwa sababu samaki wanaokula konokono walivuliwa kupita kiasi. Jay Stauffer na wenzake waliijenga mwaka 1997 katika jarida la BioScience, kutokana na utafiti uliofanywa kusini mwa ziwa, upande wa Malawi. Pale ilipozaliwa, sina ugomvi nayo. Ninachokipinga ni kuihamishia Kyela, wilaya ya Tanzania iliyo kaskazini mwa ziwa, kana kwamba ziwa zima ni ufuko mmoja.

Kuhusu mzunguko wa maisha ya Schistosoma haematobium hakuna ubishi. Mayai hutoka na mkojo, huanguliwa majini, na lava humwingia konokono wa jenasi Bulinus. Baada ya wiki kadhaa konokono huachia serkaria wanaotoboa ngozi ya mtu. Swali la msingi, basi, ni wapi anapoishi mwenyeji huyo wa kati.

Cape Maclear, kusini mwa ziwa upande wa Malawi, ilitoa jibu lililowashangaza wengi. Bulinus nyassanus huishi mchangani, kwenye fuko za wazi zilizodhaniwa kuwa salama. Mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wakijitolea Malawi walipata kichocho kilichofika kwenye mfumo wa fahamu baada ya kuogelea huko, na mwaka 1996 utafiti uliochapishwa katika The Lancet ulionyesha kuwa hawakuwa peke yao. Sasa mtazame samaki Trematocranus placodon, mwenye meno bapa kooni ya kusaga magamba. Evers na wenzake walionyesha mwaka 2006 kuwa humpendelea B. nyassanus kuliko konokono wengine wa hapo. Kokoro, wavu wa kukokotwa, likimmaliza samaki huyu karibu na ufuko, konokono hubaki bila adui. Ni ushahidi mzito, lakini umesimama juu ya sharti moja: konokono awe mahali samaki anapoweza kumfikia.

Kyela sharti hilo halitimii katika sehemu kubwa ya wilaya. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha maji na tope kwenye tambarare inayofurika masika. Watu hulima mpunga kwenye majaruba, hufua mitaroni, na watoto huoga kwenye vidimbwi vinavyoachwa na mito. Hayo ndiyo maji ya Bulinus globosus, apendaye sehemu zilizotulia zenye magugu. T. placodon haingii jarubani. Ziwa lote likifurika samaki huyo, mtoto wa Ipinda bado atakanyaga maji yaleyale akienda shamba.

Watetezi wa hoja ya samaki hunielekeza Senegal, ambako Sokolow na wenzake walionyesha mwaka 2015 kuwa kurudisha kamba wa mtoni kulipunguza konokono walioambukizwa na kichocho kwa watu. Mfano huo unaniunga mkono mimi. Kamba wale waliwekwa palepale wanakijiji wanapogusana na maji.

Wengine husema kulinda samaki hakumdhuru mtu. Kweli, na kokoro lipigwe vita kwa nguvu zote, kwa ajili ya mbasa anayepanda mitoni kutaga na kwa ajili ya usipa. Lakini halmashauri ikiandika doria ya kokoro kuwa hatua ya kudhibiti kichocho, mitaro itasahaulika. Kingatiba ya prazikwanteli mashuleni haitaliziba pengo hilo, kwa kuwa dawa huua minyoo iliyokomaa na haimkingi mtoto anayerudi majini kesho yake.

Matema ni suala jingine. Pale, chini ya milima ya Livingstone, kuna mchanga safi na maji ya wazi, na hoja ya Stauffer inastahili kupimwa. Kipimo si cha gharama: konokono wakusanywe mchangani Matema, majarubani na kwenye sehemu za kuogea mitoni, masika na kiangazi, kila mmoja awekwe peke yake kwenye maji safi chini ya mwanga, na serkaria wanaotoka watambuliwe kwa darubini. B. nyassanus wa Matema wakiachia serkaria wa kichocho cha binadamu, nitaikubali hoja ya samaki kwa ufuko huo. Kwa majaruba ya Kyela, fedha zielekezwe kwenye kusafisha mitaro, vyoo vya mashambani na maji ya bomba.