Mkono wa Asmaa bint Umays na swali la binti wa Dodoma



Ndugu yangu msomaji, wiki hii nimeletewa swali na binti anayesoma chuo hapa Dodoma. Kabla hajarudi kwenye swala alichorwa tatuu, ua dogo juu kidogo ya kifundo cha mkono, halizidi kucha ya dole gumba. Sasa dada zake wa darsa la chuoni wanapokea wanachama wapya na wanamtaka awe mmoja wa wasimamizi. Kwenye bomba la kutawadhia mikono hukunjuliwa, kila mtu akaona. Anauliza: aifiche, au awaambie mapema kabla hawajaiona? Mwishoni akaongeza jambo jingine kama aliyelikumbuka njiani: akimaliza chuo anataka kuomba kazi ya upolisi.

Sikumjibu siku ile. Nakujibu wewe pamoja naye, na nitaanzia mbali kidogo.

Kwa Kiarabu jambo hili linaitwa washm. Watu wa Jahiliyya walidunga ngozi kwa sindano, kisha wakapaka wanja au nila mpaka rangi ikatulia ndani. Mtume (S.A.W.) alilikataza. Hadithi za Ibn Umar na Ibn Mas'ud (R.A.), zilizomo katika Bukhari na Muslim, zinataja laana juu ya anayechora na anayechorwa. Hapo hapana mjadala, na asitoke mtu hapa akasema shekhe kailegeza. Bukhari amepokea pia kwamba Umar (R.A.) aliletewa mwanamke mchoraji, akasimama kuwauliza watu nani amesikia neno la Mtume kuhusu washm, na Abu Hurayra akainuka kujibu. Lilikuwa suala zito hata kwa khalifa.

Sasa nipe sikio. Qays bin Abi Hazim anasimulia kwamba aliingia na baba yake kwa Abu Bakr (R.A.) alipokuwa mgonjwa, akamkuta mwanamke anamfukuzia nzi, na mikono yake ina washm. Mwanamke huyo ni Asmaa bint Umays, mke wa Abu Bakr.

Unamjua Asmaa? Alisilimu mapema Makka. Akahama na mumewe wa kwanza, Ja'far bin Abi Talib, wakavuka bahari mpaka Uhabeshi, huku huku kwetu Afrika Mashariki. Walikaa ugenini miaka mingi, wakarudi Madina mwaka wa 7 Hijria, wakati wa Khaybar. Umar akamwambia kwamba wao wa Madina wamewatangulia kwa hijra. Asmaa alikasirika, akaenda moja kwa moja kwa Mtume (S.A.W.), naye akamjulisha kuwa watu wa jahazi wana hijra mbili. Ja'far aliuawa Mu'ta, akaolewa na Abu Bakr. Abu Bakr alipofariki mwaka wa 13 Hijria, ni yeye aliyemwosha. Baadaye akawa mke wa Ali. Mikono iliyomwosha khalifa wa kwanza ilikuwa na alama.

Wanazuoni hawakuipita habari hii kimya. Tabari aliona kwamba huenda alichorwa kabla ya katazo, alama ikabaki. Ibn Hajar, katika sherehe yake ya Bukhari, akaongeza uwezekano mwingine: lilikuwa jeraha lililotibiwa, likaacha kovu linalofanana na washm. Angalia adabu yao. Wanaona alama, na wanamtafutia mwenye alama udhuru.

Sisi wa Ugogo tulipaswa kulielewa hili kuliko wengine. Misafara ya Bagamoyo ikielekea Tabora na Ujiji ilipita hapa, ikalipa hongo kwa watemi, na wageni waliwatambua Wagogo kwa masikio yaliyotobolewa yakatanuliwa, na meno ya chini yaliyong'olewa. Mpaka leo utamwona mzee mwenye alama ya mviringo kwenye paji la uso. Wazee wenyewe husema walichomwa utotoni kwa ajili ya maradhi ya macho. Mzee huyo yuko safu ya kwanza Alfajiri, wewe uko kitandani. Nani amewahi kumwambia afunike uso? (Hata Mwalimu Nyerere, ambaye chama chake kiliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, alikuwa na meno yaliyochongwa kimila, na hakuyaficha.)

Basi, binti yangu. Nawawi, imamu wa madhehebu yetu ya Shafi'i, anasema tatuu ikiweza kuondolewa kwa tiba bila madhara, iondolewe. Ukihofia madhara hulazimiki, toba inatosha. Udhu wako ni sahihi, kwa sababu rangi iko chini ya ngozi na maji yanafika. Wanaokwambia swala yako haipandi wanakuonea.

Kwa dada zako wa darsa, usitangaze. Hadithi ya Abu Hurayra inawakemea wanaotoka asubuhi kusimulia madhambi ambayo Allah ameyasitiri usiku. Shusha mkono wa nguo yako kwa utulivu. Akiona mmoja, usiape kwamba ni hina. Mwambie ni ya zamani na umeshatubia, basi. Na nyie dada wasimamizi mnaosoma hapa: kukagua mikono ya watu kwenye bomba si kazi mliyopewa.

Polisi ni mlango mwingine. Matangazo yao ya ajira huweka sharti kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini. Pale unaulizwa na mwenye haki ya kuuliza, kwa mkataba. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, akasema mdanganyifu si katika sisi. Ukilipaka ua lako poda siku ya usaili, umeweka nafaka kavu juu. Iondoe kwanza kwa daktari wa ngozi, kisha uulize kama kovu linakubalika, au uombe kazi nyingine. Bado una miaka miwili chuoni, muda upo.

Wallaahu a'lam.